Ubao Niliowapimia Walevi pale Uyole

Ninyi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye lori na kusubiri iwaambie kinachouma, kaeni kidogo. Mimi ni fundi umeme wa magari mstaafu. Naitwa Luka, naishi Kihesa, Iringa, nafuga kuku ambao hawaniheshimu. Miaka yangu mingi ilipita nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi, kwanza Ipogolo hapahapa Iringa, halafu Uyole kule Mbeya. Nimeunguza nyaya nyingi, na baadhi ya wenye magari mpaka leo wanadhani ni panya.

Hayo ya nyaya nitayajibu siku nikiulizwa. Ninalotaka kuwaambia ni la mtu. Nilimpima kwa ubao, nikamkuta mlevi, na yeye alikuwa hajagusa hata togwa.

Nianze na ubao wenyewe, maana niliubuni mimi na nilijivunia kama mtu aliyegundua moto. Gereji yetu ya Uyole ilikuwa na shimo la kuingilia chini ya magari. Asubuhi moja fundi bodi wetu alifika akiwa amejaza tumbo ulanzi, pombe ya mianzi, aliotumiwa na shemeji yake, akasema anashuka kukagua springi. Alishuka kweli, ila hakutumia ngazi. Tulimtoa akiwa anaimba. Siku ile nikachukua ubao, nikaulaza juu ya shimo, nikatangaza sheria: kila fundi akifika avuke. Akivuka, kazi. Akitetereka, namwambia maneno yaleyale mbele ya wote: "Kalale. Urudi ukiwa mtu."

Tajiri wetu, mwenye gereji, aliupenda ubao kuliko alivyotupenda sisi. Madereva walikuwa wanawahi kuja ili washuhudie tunavyovuka, chai mkononi, wakipiga makofi. Mimi ndiye nilikuwa msimamizi, kwa hiyo mimi sikuvuka. Hilo mliweke akilini.

Sasa turudi nyuma, Ipogolo, kwa mtu aliyenifundisha kazi. Mzee Saidi alikuwa na kofia ya kitambaa cheupe ambayo haikuwahi kuchafuka, na kwa fundi umeme huo ni muujiza. Babu zake walitoka pwani wakafungua duka Iringa. Yeye akakataa duka, akapenda betri. Nilipofika kwake nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nilijiona nimeshaelimika. Wiki ya kwanza fyuzi ya lori la Fuso ikakatika, sikupata nyingine, nikachomeka kipande cha msumari. Taa zikawaka vizuri sana. Baada ya muda na dashibodi ikawaka.

Mzee Saidi hakunipiga. Alizima moto, akavuta kiti, akaniuliza, "Luka, fyuzi ilikatika kwa nini?"

"Sijui, mzee."

"Ulimuuliza dereva?"

"Dereva angejua nini?"

"Anajua lini. Anajua gari lilikuwa moto au baridi. Anajua alikuwa ameligusa wapi. Wewe unajua nini zaidi ya kuwa na msumari?"

Basi hayo yakawa maswali yangu matatu maisha yote. Lini? Kwa joto au kwa baridi? Ulikuwa umefanya nini? Nimeyauliza kwa ajili ya malori yaliyotoka Lubumbashi, kwa matrekta ya mashamba, hata kwa jokofu la mchungaji. Kwa Atupele sikuuliza hata moja.

Atupele alikuja Uyole akitokea chuo cha ufundi, binti wa Tukuyu, mrefu, mwenye mdomo mkali kama koleo. Madereva walipomwona amevaa ovaroli wakaanza vichekesho vyao. Kasimu, dereva wa tela la mbolea, mtu asiyeweza kubeba siri hata ikifungwa kamba, alimuuliza, "Dada, wewe umeletwa kupika chai?"

"Nimeletwa kutengeneza taa," Atupele akamjibu. "Lakini wewe naona tatizo lako liko kichwani, huko sina vipuri."

Kasimu akacheka mpaka akamwaga chai yake. Toka siku hiyo hakutaka fundi mwingine aguse gari lake. Mikono ya binti yule ilikuwa inasoma nyaya kama mtu anavyosoma shingo ya mtoto mwenye homa. Alikuwa anasuka stata yenye koili ndogondogo huku akikusimulia habari nyingine kabisa, na stata inatoka safi. Mimi nikampenda kama binti yangu, na nilimwonea kama binti yangu pia, maana ndivyo tulivyolelewa.

Mwaka wake wa pili, jicho lake la kushoto likapata ukungu. Alisema rangi nyekundu imefifia kama shati lililofuliwa sana, na akilizungusha jicho linauma kwa ndani. Kwa fundi umeme, rangi za nyaya ndiyo alfabeti yake. Akawa anafumba jicho moja anapofanya kazi. Sisi tukamwita Mwindaji.

Kila mtu akamtibu. Muuza miwani wa sokoni akampa miwani. Kikundi cha maombi cha kwao kikamwombea. Mimi nikamwagiza ale karoti, kwa kuwa nilizisikia redioni. Baada ya wiki kadhaa ukungu ukaondoka wenyewe. Mngeona ugomvi wa kugombania sifa! Muuza miwani alisema ni miwani, wanakikundi walitoa ushuhuda, na mimi nilimwambia kila dereva habari za karoti. Vijana, nisikilizeni hapa. Taa ikizima, halafu ikawaka yenyewe wakati umeshika bisibisi, wewe hujaitengeneza. Hitilafu imekaa pembeni inakuangalia. Nilijua hivyo kwa magari. Nilishawadanganya wateja mara nyingi: "Tayari bosi, imepona," na moyoni najua ataishia Makambako. Lakini jicho la Atupele lilipowaka nikaamini kweli nimelitengeneza.

Halafu ikaja kesi ya lori lenye umeme.

Atupele alikuwa ameinama chini ya dashibodi ya tela la Kasimu. Ghafla akapiga kelele, akatoka akishika kisogo. "Fundi, gari hili linapiga shoti! Umeme umenishuka kutoka shingoni mpaka miguuni!"

Nikamwambia betri za lori ni volti ishirini na nne, hazina nguvu ya kumpiga mtu hivyo. Akarudi, akainamisha kichwa, ukampiga tena. Kasimu aliyekuwa amekaa kwenye usukani akaruka chini kama mbuzi. "Mimi siendeshi jini! Nashukuru, lakini siendeshi!"

Na hapa ndipo mtakapojua ujinga wa ufundi. Mtu ambaye si fundi angesema binti ana tatizo la mgongo. Sisi, kwa sababu tunajua umeme, tukaliamini lori kuwa ndilo gonjwa. Tukavua dashibodi. Tukavua viti. Tukatoa nyaya zote za kibini, tukazitandaza chini kama matumbo ya ng'ombe siku ya sherehe, tukazipima moja moja na testa. Nyaya zilikuwa nzima kuliko sisi. Tukazirudisha, zikabaki tatu hatujui zilitoka wapi, na mpaka leo honi ya tela lile hulia ukikunja kulia.

Mchana wake tukakaa kwenye benchi kula. Atupele akainama kwenye sahani ya ugali na maharage. Akashtuka, kijiko kikaanguka.

"Nini tena?" nikamuuliza.

"Umenipiga tena."

"Nani?"

Akatazama sahani. "Ule umeme."

Gereji nzima ikavunjika mbavu. "Ugali una shoti!" "Mama lishe katia betri!" Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa, nikapigwa mgongoni. Jibu lilikuwa limekaa mezani, limeinama, linatuangalia: umeme ulikuwa ndani ya mtu. Kila akikunja shingo unapita. Lori lilikuwa mbali, limefunguliwa bure. Nilikuwa na kila ninachohitaji ili niseme, "Binti, twende hospitali." Badala yake nikamwambia ashindilie ugali vizuri.

Ikafuata miguu. Asubuhi alikuwa anavuka ubao bila wasiwasi. Mnajua baridi ya Uyole ya asubuhi, hata kuku wanatembea wamejikunyata. Lakini mchana, akishatoka kwenye injini iliyochemka, alikuwa anaburuta mguu wa kulia, anashika kuta, anaongea kwa ulimi mzito. Mara kwa mara anakimbilia chooni, wakati mwingine anachelewa, anajifunga sweta kiunoni. Vidole vikawa na ganzi, akawa anadondosha spana. Akisema amechoka, tunamwambia hata sisi tumechoka. Yeye alikuwa anajaribu kutueleza kuwa uchovu huo si wa kazi, ni kama mtu amechomoa betri nzima, na anaamka nao.

Siku ya tukio, jua lilikuwa kali, na tajiri alikuwepo. Atupele alitoka chini ya lori, akapepesuka, akammwagia Kasimu beseni la mafuta machafu. Madereva wakaguna. Tajiri akanitazama. Nikaona heshima yangu ya usimamizi iko hatarini, nikasema, "Leta ubao."

"Fundi, nilivuka asubuhi," Atupele akasema.

"Vuka tena."

"Miguu haina nguvu. Nikipoa kidogo nitavuka."

"Ukipoa, au pombe ikipoa?"

Watu wakacheka. Sikuwa nimekusudia kuwa mkatili. Nilikusudia kuchekesha, na nikachekesha. Nikamsogelea, nikanusa mdomo wake. Ulinuka tangawizi. Nikawageukia madereva nikasema, "Wajanja wanakunywa isiyonuka."

Akapanda ubao. Akapiga hatua, goti likakunjika, akaanguka shimoni. Aliumia bega, akachubuka uso. Alipotolewa, hakulia. Alisimama ameshikilia tairi, akanisubiri. Alijua kuna maneno yanayofuata, na alitaka kuona kama nitayasema kwake.

Nikayasema. "Kalale. Urudi ukiwa mtu."

Tajiri akaongeza ya kwake: asirudi kabisa. Na Kasimu aliondoka na mzigo na habari. Kabla wiki haijaisha, fundi wa kike mlevi wa Uyole alikuwa anajulikana toka Tunduma mpaka Ipogolo. Akijaribu kuomba kazi gereji yoyote ya barabarani, wanamuuliza, "Wewe si yule wa shimoni?"

Mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyekwenda kumwona chumbani kwake. Akarudi amenuna. "Luka, yule mtoto hanywi."

"Unajuaje?"

"Nimeishi na wewe. Mlevi namjua."

Akaamua kumtibu. Aliamini ni baridi ya chini ya magari imeingia mifupani, na dawa ya baridi ni nyungu: sufuria la maji yanayochemka, majani ya mkaratusi, mchaichai, malimau, na mablanketi juu ya mgonjwa mpaka atoe jasho la ukoo mzima. Mimi nilibeba mablanketi. Nilikuwa nimeanza kusutwa moyoni, na kubeba mablanketi ni njia rahisi ya kutosema samahani.

Tukamfunika. Muda si mrefu tukasikia sauti ndani ya blanketi: "Mama, sioni."

"Ni mvuke, mwanangu."

"Mama, jicho halioni. Na miguu sina."

Tukafunua. Alijaribu kusimama, akaanguka kama nguo. Mama Neema akapiga kelele akidhani tumemuua, mimi nikammwagia maji ya baridi beseni zima, si kwa utabibu, kwa hofu. Na hapo tukaona jambo la ajabu: alipopoa, jicho likaanza kurudi, na miguu ikarudi kidogo kidogo. Nikakaa chini kwenye maji yale. Kwa joto, inazima. Kwa baridi, inawaka. Fundi gani wa umeme asiyeijua hitilafu hiyo? Waya uliochubuka, gari likiwa baridi linafanya kazi, injini ikipata moto linakata. Nimezitafuta hitilafu hizo maisha yangu yote, na hii nilikuwa nimeitupa shimoni.

Kesho yake tukaenda hospitali kubwa mjini Mbeya, sisi watatu. Ndugu zake walishaleta maelezo yao: mmoja alisema amerogwa na mwanafunzi mwenzake wa chuo, mwingine alisema ni kwa sababu mwanamke haingii chini ya gari. Tulizunguka. Mara dawa za minyoo, mara vitamini, mara "ni mawazo tu, dada, upumzike." Mwishowe tukapelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke kijana, mpole, anaongea polepole. Akamtazama Atupele, akauliza, "Hali hii ilianza lini? Inazidi kwa joto au kwa baridi? Ukifanya nini ndipo inatokea?"

Nilitamani Mzee Saidi awe hai anitemee mate.

Atupele akaeleza yote, jicho, umeme wa shingo, ganzi, miguu, choo. Choo alikieleza akiangalia ukuta. Daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, akamkuna nyayo, akamtembeza kwenye mstari sakafuni. Nilipoona anatembezwa kwenye mstari nikainamisha kichwa. Lakini daktari alikuwa anatembea pembeni yake, mkono uko tayari kumdaka. Hiyo ndiyo tofauti ya kipimo chake na changu.

Vipimo vilichukua muda. Alitutahadharisha kuwa hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo au hapana, wanajumlisha dalili na kuondoa magonjwa mengine yanayofanana. Damu ilipimwa kwa mambo mengi. Alitolewa maji kidogo ya uti wa mgongo kwa sindano. Kisha MRI, lile bomba kubwa la sumaku linalogonga kama fundi bodi mwenye hasira. Nilitaka kumsindikiza ndani, wakaniuliza kama nina chuma mwilini. Nikatoa mifukoni bolti, nati, spana namba kumi, fyuzi, na kijiko cha Mama Neema kilichokuwa kimetafutwa miezi. Nikaambiwa nikae nje.

Picha zikaonyesha madoa kwenye ubongo na uti wa mgongo, mengine ya zamani, mengine mapya. Daktari akataja jina: multiple sclerosis, kwa kifupi MS.

"Mishipa ya fahamu ina ganda linaloifunika," akasema. "Kinga ya mwili wako, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inakosea na kulishambulia ganda hilo. Ujumbe kutoka kwenye ubongo unachelewa, au unapotea njiani."

Atupele akasema, "Waya umechubuka."

"Ndiyo. Na wanaouchubua ni walinzi wako mwenyewe."

Hilo nilielewa haraka. Gereji yetu iliwahi kuajiri walinzi wawili walinde betri. Betri zilizoibwa zilikutwa kwao. Nikauliza swali ambalo bado Mama Neema hunicheka nalo: "Daktari, hatuwezi kuufunga tepu?"

Hakucheka. Akasema mwili wenyewe hujaribu kurudishia ganda, ndiyo maana jicho lilirudi, lakini si mara zote unamaliza kazi. Shambulio likiwa kali kuna dawa ya kutundikiwa ya kulituliza. Halafu kuna dawa za muda mrefu za kuwatuliza walinzi ili mashambulizi yapungue. Ugonjwa hauponi kabisa. Hauambukizi. Si laana. Hautokani na kitu alichokula wala alichokunywa. Joto haliuongezi ugonjwa, ila linafanya waya uliokwisha kuchubuka ushindwe kazi kwa muda; akipoa, anarudi alipokuwa.

Atupele akauliza moja tu. "Nitafanya kazi?"

"Unafanya kazi gani?"

Akanitazama. Nadhani alikuwa hajui aseme anafanya au alikuwa anafanya.

"Ni fundi umeme wa magari," nikasema mimi. "Mzuri kuliko mimi."

"Basi itategemea," daktari akasema, "na kazi itakavyopangwa, kuliko miguu yako."

Nikaenda kwa tajiri na maneno hayo. Aliniambia gereji si wodi. Nikamwambia stata tatu zilizosukwa na mrithi wa Atupele zilikuwa zimerudi zinanuka moshi. Akasema watu watasema anaajiri walevi. Nikamwambia hao watu niliwaambia mimi, na mimi ndiye nitawarudia. Akakubali kumjaribu, nusu kwa huruma na nusu kwa stata.

Kuwarudia ndiko kulikonichosha. Uongo ulisafiri kwa tela, bure. Ukweli nilikuwa naubeba kwa miguu. Kila lori lililosimama nilipanda ngazi ya kibini nikaeleza: hakuwa amelewa, ni ugonjwa, mimi ndiye niliyekosea. Madereva hawapendi habari isiyo na kichekesho. Wengine walisema, "Sawa mzee," na kuuliza bei ya betri. Kasimu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia. "Fundi, mimi niliyasimulia mpaka Zambia kule. Kwa Kibemba." Akairudisha kofia kichwani. "Sasa haya ya ugonjwa nitayasemaje kwa Kibemba?" Akajifunza. Sijui alisema nini huko, lakini safari iliyofuata alimletea Atupele feni ndogo ya betri.

Na hapa ndipo penye ufundi, vijana, shikeni. Tulijifunza kupanga kazi kwa mtu mwenye MS kama tulivyojifunza kupanga mzigo kwenye betri dhaifu: usiwashe vyote kwa wakati mmoja. Injini alizifanya alfajiri zikiwa zimelala baridi. Mchana alikaa kwenye meza kivulini, feni ya Kasimu usoni, kitambaa cha maji shingoni, akisuka stata na alternata. Tulihamisha meza yake iwe karibu na choo, na yeyote aliyefanya mzaha juu ya choo alisafisha choo. Akisema amechoka, amechoka, hakuna kuuliza "mbona jana?" Jana ni jana. Kuna siku alikuja na fimbo, kuna siku bila, na kuna mwezi hakuja kabisa, alikuwa amelazwa tena, na tuliogopa. Dawa zake zilikuwa zinaadimika. Tulijifunza kuulizia kabla hazijaisha, si baada. Mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa viungo aliyafanya hapohapo, ameshikilia bampa, na fundi bodi akawa anayafanya naye kwa sababu ya kiuno chake. Siku nyingine alikuwa analia bila sababu, akisema ni ugonjwa tu au ni sisi, hajui. Tulimletea chai, tukanyamaza. Kunyamaza ndiyo spana iliyotuchukua muda mrefu zaidi kuipata.

Msamaha niliuomba. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Aliendelea kusuka stata, akaniambia, "Fundi, nimekusikia. Nishikie huo waya." Nikaushika. Hakuwahi kusema amenisamehe, na mimi sikuwahi kuuliza tena.

Siku yangu ya mwisho kazini tajiri alinunua soda na mbuzi. Nilipotaka kuanza kuhutubia, Atupele akagonga meza na fimbo yake. "Leta ubao."

Nilidhani ni mzaha. Fundi bodi akauleta, wakaulaza sakafuni, si juu ya shimo; ni watu wema kuliko mimi. "Fundi Luka hajawahi kuvuka," Atupele akawaambia madereva. "Leo avuke."

Nikapanda. Magoti yangu mnayajua wenye umri wangu. Hatua ya kwanza nikayumba, ya pili nikapepea mikono kama kuku, ya tatu nikawa chini, kando ya ubao. Gereji ikalipuka. Atupele akaja taratibu, akaninusa mdomo. "Soda," akatangaza. Kisha akawageukia: "Wajanja wanakunywa isiyonuka."

Akanikazia macho. Nikajua kinachofuata, nikasimama nimeshika tairi, nikasubiri.

"Nenda kalale, mzee," akasema. "Ulirudi zamani."

Akanisindikiza barabarani. Mguu wake wa kulia ulikuwa na siku mbaya, na yangu yote miwili ilikuwa na miaka mibaya, kwa hiyo tulishikana, fimbo moja watu wawili, tukaenda tukipepesuka ukingoni mwa barabara kuu ya Uyole. Lori tusilolijua likapunguza mwendo. Dereva kijana akatoa kichwa dirishani.

"Wazee wa kazi! Mmekunywa wapi hivyo mchana kweupe?"

"Huyu ana multiple sclerosis!" nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. "Na mimi nina uzee!"

Akapiga honi, akaongeza mwendo.

"Umesahau kumwambia hauambukizi," Atupele akasema.

Nikageuka nimwite, lakini alikuwa ameshakata kona. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi.